Msafara wa Spika: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Sanaa ya Sauti Inayotembea Mitaani

Malalamiko yanayonifikia kuhusu misafara ya sauti yanafanana mno. Watu walijitokeza, spika zilikuwa na chaji, kila mmoja alikuwa na faili yake, wakahesabiana, wakabonyeza, na kilichotoka ni mchafukoge. Ngoma zilikanyagana. Maneno hayakusikika. Dakika kumi baadaye walio mbele na walio nyuma walikuwa wakisikia vitu viwili tofauti, na mratibu anakimbia huku na huko akiwaomba waanze upya.

Dawa inayotafutwa na wengi ni programu ya kuzifanya simu zote ziende sawa. Achana nayo. Simu hazina kosa. Utunzi uliandikwa kwa ajili ya jukwaa kisha ukatolewa nje kutembea, na barabara haiendi kwa sheria za jukwaa.

Mwongozo huu unahusu kazi ya aina moja tu: kundi la watu kati ya 20 na 60 linapita mitaani, kila mmoja amebeba chombo kidogo kinachotoa sehemu moja ya utunzi, na utunzi wenyewe unakamilika hewani katikati yao. Mshiriki hahitaji kujua muziki. Kinachohitajika ni subira ya kutembea polepole.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujamwita mtu

- Spika ndogo za betri, walau moja kwa kila watu watatu. Waliobaki watatumia simu zenyewe. Mchanganyiko huu una faida: spika hubeba sauti nene, simu hubeba nyembamba.
- Redio za zamani zenye tundu la kuchomeka waya, kama zipo.
- Nyaya fupi za sauti, kwa wanaotaka kuikwepa bluetooth.
- Pawabenki mbili tatu za dharura.
- Kompyuta yenye programu ya kuhariri sauti. Audacity ni ya bure na inatosha kabisa.
- Kinasa sauti kimoja chenye kizuia upepo. Simu nayo inafaa ukikosa.
- Vizibao vya reflekta kwa wasimamizi, na filimbi moja tu.
- Saa ya kupima muda, itakayokaa mkononi mwa mtu mmoja.
- Mifuko myembamba ya plastiki, mvua ikinyesha.
- Kadi ndogo zenye sentensi mbili za kuwaeleza wapita njia kinachoendelea.

Megafoni haimo kwenye orodha, na nimeiacha makusudi. Ukiibeba utaitumia, na ukiitumia watu wataanza kukusikiliza wewe.

## Hatua ya 1: Isikilize njia kabla ya kuichora

Ipite njia bila kifaa chochote, siku ileile ya wiki na saa ileile utakayofanyia msafara. Mtaa uliotulia Jumapili asubuhi unaweza kuwa mnada wa honi Ijumaa jioni. Mwaka 1966, mjini New York, msanii wa sauti Max Neuhaus alianza kuwatembeza wasikilizaji mitaani bila ala yoyote, akiwa amewagonga mkononi muhuri wa kuwataka wasikilize. Hilo ndilo zoezi unalolihitaji hapa. Usizungumze. Simama kila baada ya mita 100 hivi, funga macho kwa dakika moja, kisha andika ulichosikia.

Unatafuta mabadiliko. Uchochoro wenye kuta ndefu pande zote mbili hurudisha sauti na kuinenepesha. Uwanja wa wazi huitawanya hadi ikabaki nyuzinyuzi. Chini ya daraja mlio mmoja wa kengele unaning'inia sekunde kadhaa. Njia iliyopita sehemu hizi tatu tayari imekutungia nusu ya kazi.

Kona kali ni hazina ambayo waandaaji wengi huipita bila kuiona. Sauti nyembamba hazipindi kona vizuri, nene hupinda. Kwa hiyo walio mbele wanapokata kona, walio nyuma wanapoteza kengele zao karibu kwa mara moja na kubakiwa na mvumo. Halafu nao wanafika pembeni mwa ukuta, wanageuka, na kengele zote zinarudi usoni. Ukipata kona mbili za namna hiyo, panga njia ipite zote mbili.

Urefu usikusumbue sana. Kundi la watu wenye spika huenda kilomita 2.5 hadi 3 kwa saa, pungufu sana ya mwendo wa mtu mmoja. Kwa kazi ya dakika 40, njia ya kilomita 1.5 inatosha ukishatoa muda wa kusubiri kwenye vivuko.

Kabla ya kukubali mtaa wowote, ufanyie jaribio hili: weka simu kwenye sauti ya mwisho ikicheza mlio wa kengele, mwenzako arudi nyuma hatua kumi. Asiposikia, mtaa huo uache. Barabara pana zenye magari ya kasi hushindwa jaribio hili karibu kila mara, kwa sababu mvumo wa matairi una nguvu zaidi karibu na hezi 1,000 (hezi ni mitetemo kwa sekunde: nyingi ni sauti nyembamba, chache ni nene), eneo lilelile ambalo simu inategemea kusikika.

Tahadhari. Ondoa kwenye ramani ngazi zisizo na njia mbadala ya viti vya magurudumu, maeneo ya hospitali, nyumba za ibada wakati wa ibada, na vivuko vya barabara kubwa visivyo na taa.

Njia imekubali pale unapoweza kusimama sehemu tano ukiwa umefumba macho na ukajua, kwa sikio tu, uko ipi.

## Hatua ya 2: Kibali na majirani

Sheria hutofautiana kutoka mji hadi mji, lakini maswali ya kuuliza ofisi ya mji ni yaleyale matatu: je, kundi la idadi yangu linahitaji kibali kupita kwa miguu? Je, sauti inayokuzwa kwa kifaa hairuhusiwi saa fulani au mtaa fulani? Je, kukusanyika mwanzoni na mwishoni kunahesabika kama kutumia eneo la umma? Majibu yapate kwa maandishi, na nakala ibebwe na mtu asiyekuwa na spika mkononi.

Andika barua mapema kwa wiki kadhaa, taja njia, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watu, na kwamba mtapita pembeni mwa barabara bila kusimamisha magari. Neno "maandamano" lisiwemo, maana litaipeleka barua yako kwenye meza nyingine kabisa.

Wakazi wa vichochoro vyembamba wanastahili kuambiwa ana kwa ana au kwa karatasi mlangoni siku chache kabla. Watu huvumilia mengi wakijua yatakwisha saa ngapi.

## Hatua ya 3: Tunga kwa ajili ya kuchelewa

Hapa ndipo kazi nyingi zinapovunjikia, kwa hiyo nitakaa.

Sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde kukiwa na joto la nyuzi 20. Msafara wa watu 40 wakitembea wawili wawili hufika mita 50 kwa urahisi. Mlio unaotoka mkiani utafika kichwani baada ya karibu sekunde 0.15. Sasa chukua ngoma ya midundo 120 kwa dakika: kati ya mdundo na mdundo kuna nusu sekunde. Robo ya hiyo ni sekunde 0.125. Maana yake, hata simu zote zikianza kwa wakati mmoja kamili, anayetembea mbele anasikia ngoma ya nyuma ikiwa imepotea kwa zaidi ya robo ya mdundo. Hakuna programu inayoweza kurekebisha hilo, kwa kuwa ni umbali wenyewe.

Ongeza bluetooth, ambayo huchelewesha sauti kwa sekunde 0.1 hadi 0.25 kutegemea kifaa. Ongeza vidole vya binadamu: mwingine anabonyeza kwenye "moja", mwingine baada yake. Jumla ya tofauti katika kundi halisi ni sekunde moja hadi tatu. Ichukulie kama kipimo cha kazi yako. Utunzi mzuri wa mtaani ni ule ambao sekunde tatu haziwezi kuuharibu.

Kwa vitendo, maana yake ni hii.

Gawa sehemu nne. Mtunzi Phil Kline alifanya hivyo mjini New York mwaka 1992, watu wakitembea na redio za kaseti mikononi, na hadi leo kazi yake hiyo hurudiwa mitaani kila Desemba katika miji mingi. Sehemu nne ni nyingi za kutosha kutoa utajiri, na ni chache kiasi kwamba karibu yako daima yumo mwenye sehemu tofauti na yako. Ukigawa kumi na mbili, kila sehemu inabaki na watu wawili watatu na haisikiki.

Tumia sauti ndefu au sauti za kudondoka. Toni inayovutwa kwa sekunde 20 haijali kuchelewa. Kengele zinazolia ovyo ovyo kila baada ya sekunde 5 hadi 15 nazo hazijali, kwani hakuna anayejua zilitakiwa kulia lini. Kinachoumia ni mdundo wa kudumu, na maneno. Ukitaka lazima maneno, yawe neno moja moja lenye kimya kirefu pembeni yake, na yawe kwenye sehemu moja tu kati ya nne.

Chagua noti zisizogombana. Skeli ya noti tano (kwa mfano C, D, E, G, A) haina noti mbili zilizopakana kwa nusu toni (hatua ndogo kabisa kwenye kinanda), kwa hiyo noti yoyote ikikutana na yoyote hakuna mkwaruzo. Wanamuziki huiona rahisi mno. Mtaani urahisi huo ndio unaokuokoa, kwa sababu mikutano ya noti huipangi wewe, inapangwa na kona na taa za barabarani.

Kaa kwenye eneo ambalo vifaa vinaweza. Spika ya simu haina nguvu ya maana chini ya hezi 400 au 500. Besi yako nzuri uliyoitunga kwa vipokea sauti vya masikioni itabaki masikioni. Sikio nalo ni jepesi zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000. Weka uti wa mgongo wa utunzi kati ya 500 na 4,000, na chochote kilicho chini ya hapo kihesabu kama zawadi kwa wenye spika kubwa.

Mfano wa mgawo unaofanya kazi kwa dakika 40:

- *Nyekundu*: toni ndefu za filimbi au za sauti ya mtu akiimba "aaa", zinazopanda na kushuka polepole.
- *Bluu*: kengele, vijiko, vyuma, glasi. Milio mifupi yenye mkia mrefu.
- *Kijani*: kelele laini zilizorekodiwa karibu sana, kama karatasi ikikunjwa, mvua kwenye bati, kitambaa kikichanwa.
- *Njano*: sauti za watu, pumzi, vicheko, neno moja moja.

Dakika tano za mwanzo faili zote nne ziwe na milio ya bluu peke yake, nadra, ili watu wazoee kusikiliza. Kuanzia hapo ongeza sehemu moja moja, kila faili ikibaki na bluu mpaka zamu yake ifike. Kila badiliko kubwa lichukue walau nusu dakika kuingia na nusu dakika kutoka, kwa sababu badiliko la ghafla, likipitia simu 40, linasikika kama hitilafu mara 40.

Halafu weka kimya. Tuseme dakika ya 20 faili zote nne zina kimya cha sekunde 15. Tofauti ya watu ikiwa sekunde tatu, kimya cha kweli kitakuwa cha sekunde 12, na hakitakuja kwa mpigo: kitapenya ndani ya msafara sauti moja moja zikizimika, mpaka zibaki nyayo. Kisha sauti zinarudi vilevile, moja moja. Sijawahi kusikia mwisho wa wimbo ulio mzuri kama huo, na hauhitaji ustadi wowote zaidi ya kuacha nafasi tupu kwenye faili.

Kimya kisivuke dakika moja kwenye faili yoyote. Spika nyingi za bluetooth hujizima zenyewe zikikosa sauti kwa muda, na mwenye nayo hatajua.

Jaribu kazi nzima hivi: fungua sehemu zote nne kwenye kompyuta, sogeza mbili kati yao mbele kwa sekunde moja na nyingine kwa tatu, cheza. Rudia ukizisogeza vingine. Kama huwezi kusema ipi ni "sahihi", umemaliza. Kama moja inasikika imekosea, tafuta ni wapi umeficha mdundo.

## Hatua ya 4: Toa faili zinazobebeka

Toa kila sehemu katika mono, yaani sauti ya njia moja isiyogawanywa kulia na kushoto. Spika nyingi ndogo huchanganya kulia na kushoto, na baadhi ya sauti za stereo hufutana zikichanganywa hivyo. Utapoteza tabaka zima na hutajua kwa nini.

Bana tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa kwa kompresa, kisha pandisha kiwango hadi vilele vikaribie desibeli -1, yaani chini kidogo tu ya kikomo cha faili. Unong'ono unaopendeza chumbani hauna nafasi pembeni mwa gari.

MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inatosha. Dakika 40 zitakuwa kama megabaiti 38, na mtu mwenye simu ya kawaida ataipakua bila manung'uniko. WAV ya mono, faili isiyobanwa, ingefika megabaiti 210 kwa tofauti ambayo barabarani haisikiki. Ukizituma kwa programu ya ujumbe, zitume kama hati, zisije zikabanwa tena njiani.

Majina ya faili yawe ya rangi, kwa herufi kubwa: NYEKUNDU, BLUU, KIJANI, NJANO. Tengeneza na faili ya tano, JARIBIO, ya nusu dakika, yenye kengele tu. Ni ya kupima sauti kabla ya kuanza, ili mtu asiguse faili halisi kabla ya wakati.

## Hatua ya 5: Watu wanane, mtaa mmoja

Kabla ya siku yenyewe, chukua watu wanane, wawili kwa kila rangi, na mpite sehemu ngumu kuliko zote za njia. Sehemu nyepesi haitakufundisha kitu.

Jambo la kupima hapa ni umbali kati ya mtu na mtu. Sauti nje hushuka desibeli 6 kila umbali kutoka chanzo unapozidishwa mara mbili. Upande wa pili, kuongeza watu mara mbili huongeza desibeli 3 tu, kiasi kinachosikika kwa shida. Kwa maneno mengine, kutoka mita nne hadi mita mbili kati ya jirani na jirani kuna faida kubwa kuliko kuita watu ishirini zaidi. Waandaaji wanaolalamika kwamba "hatukusikika" mara nyingi walikuwa na watu wa kutosha waliotawanyika mno.

Pima pia namna ya kushika. Simu nyingi zina tundu la spika upande wa chini, na kiganja hulifunika bila mtu kujua. Ishikwe usawa wa kifua, tundu likitazama nje. Spika ya mkononi ielekezwe ukutani mkipita uchochoroni: ukuta utaitupa sauti upande wa pili, na mtu hataweza kusema inatoka wapi.

Zoezi limefaulu kama mtu aliyesimama pembeni, asiyejua chochote, amegeuka kutafuta sauti kabla hajawaona.

## Hatua ya 6: Ujumbe mmoja kwa washiriki

Tuma ujumbe mmoja tu, siku mbili kabla, usiozidi skrini moja ya simu. Huu unaweza kuunakili:

*"Karibu. Rangi yako ni BLUU. Pakua leo faili mbili: JARIBIO na BLUU. Usitegemee intaneti ukiwa barabarani. Njoo chaji ikiwa imejaa. Ukifika, washa hali ya ndegeni. Kama unatumia spika ya bluetooth, washa tena bluetooth peke yake. Sauti iwe ya mwisho. Dakika ya 20 kutakuwa na kimya cha sekunde 15: simu yako ni nzima, endelea kutembea. Ukichelewa, muulize msimamizi tumefika dakika ya ngapi, usogeze faili yako hapo. Usiiweke spika karibu na sikio la mtu, hasa la mtoto. Tunatembea polepole na kuongea kidogo."*

Hali ya ndegeni haina mjadala. Mlio wa simu inayopigwa katikati ya kimya utakumbukwa kuliko utunzi wote.

Kuhusu masikio: kanuni inayotumika sana kazini huruhusu desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda kwa nusu. Ukifika 94 una saa moja. Simu iliyo kifuani haitakufikisha huko, lakini spika kubwa iliyobebwa begani, sentimita chache kutoka sikioni, inaweza.

## Hatua ya 7: Kuanza

Kusanya watu nusu saa kabla. Wapange kwa rangi ili uzihesabu, kisha wachanganye. Hatua ya kuchanganya husahaulika sana, na matokeo yake marafiki waliokuja pamoja na kupewa rangi moja wanatembea pamoja, msafara unakuwa na kichwa cha kengele na mkia wa karatasi.

Cheza JARIBIO wote pamoja. Wasimamizi wapite kati ya watu wakisikiliza kila kifaa kwa karibu. Kilicho kimya kitengenezwe sasa hivi.

Kisha kila mtu afungue faili yake na kuisimamisha sekunde sifuri. Inua mkono, hesabu kwa vidole kutoka tano, ukishusha mkono wote wanabonyeza. Mwenye saa aanze kuhesabu. Kutakuwa na mmoja aliyebonyeza mapema na mmoja ambaye kioo chake kimejifunga. Waache. Sekunde zao tatu ulishazilipia katika hatua ya 3.

Simameni palepale dakika moja ya kwanza bila kutembea. Watu wanahitaji kusikia kitu kikikua kutoka kimya kabla miguu haijaanza kelele zake.

## Hatua ya 8: Barabarani

Unahitaji watu wa aina nne wenye vizibao. Kiongozi wa mwendo yuko mbele na kazi yake ni kwenda taratibu kuliko anavyotaka. Mfunga msafara yuko nyuma, na hakuna anayebaki nyuma yake. Wa vivuko husimama ukingoni mwa barabara kila mnapovuka. Wa mazungumzo hubeba kibali na kadi, na ndiye pekee anayejibu polisi, wenye maduka na wenye hasira. Kwa watu 40, jumla sita wanatosha.

Taa za barabarani zitaukata msafara katikati. Usipigane nazo na kamwe usisimamishe magari. Waliovuka wasogee hatua chache mbele na kusimama wakiwaelekea wenzao, waliobaki wasubiri taa ijayo. Kwa dakika hiyo mna kwaya mbili zinazoitikiana ng'ambo ya barabara, na magari yanapita katikati. Mimi huzihesabu sehemu hizi kuwa bora kuliko zote, na sasa nachagua njia yenye kivuko kimoja kirefu makusudi.

Watakuja watu wasiojulikana. Mtoto atafuata, kijana atauliza ni dini gani, mzee atasimama mlangoni. Mpe kadi anayeuliza. Anayetaka kujiunga apewe simu ya mtu mwingine aibebe kwa muda. Kumtumia faili katikati ya safari kutawasimamisha wengine.

Mvua ndogo haina neno. Simu ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki inasikika karibu vilevile. Spika yenye alama ya IPX4 inavumilia matone, ya IPX7 inavumilia hata kuzama mita moja kwa nusu saa, isiyo na alama iingie mfukoni. Radi ikianza kupiga, kazi imekwisha. Filimbi ile moja ni ya wakati huo, na haina kazi nyingine.

Ishara kwamba mambo yanakwenda: watu wameacha kuzungumza bila kuambiwa, na wameanza kubadilisha nafasi wenyewe, mmoja anapunguza mwendo kumfuata mwenye karatasi, mwingine anaisogelea kengele. Wakifika hapo, usiwaelekeze kitu.

## Hatua ya 9: Kumaliza na kurekodi

Fika mwisho wa njia dakika tano kabla ya faili kwisha. Chagua pahali panaporudisha sauti, kama ua lenye kuta au ukumbi wa wazi wenye paa. Watu wasimame duara, vifaa vikitazama ndani, na faili ziishe zenyewe. Usipige makofi kwanza. Kutakuwa na simu moja au mbili zilizochelewa zikimalizia peke yao, na kila mtu atazisubiri.

Rekodi ya mtu anayetembea ndani ya msafara huwa imejaa nyayo na upepo. Rekodi nzuri hutoka kwa mtu aliyesimama sehemu moja, tuseme katikati ya uchochoro, akianza kurekodi dakika mbili kabla msafara haujafika na kuacha dakika mbili baada ya kupita. Hapo unasikia mtaa ukiwa wenyewe, sauti ikija, ikikujaa, ikiondoka. Weka warekodi wawili sehemu tofauti ukiweza. Mazungumzo ya watu binafsi yaliyonaswa yakateni kabla ya kumpa mtu yeyote rekodi.

Kabla watu hawajatawanyika, kila mmoja akuambie jambo moja: ni wapi njiani hakusikia mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye mwenyewe. Weka alama hizo kwenye ramani. Penye alama tatu au zaidi, barabara ni pana mno, mwendo ulikuwa wa kasi mno, au utunzi wa dakika hizo una sauti chini ya hezi 500. Linganisha ramani na saa ya mwenye muda ujue ni lipi kati ya hayo, kisha badilisha hilo moja tu kabla ya msafara unaofuata.